Kompresa Iliyosubiri Ndani ya Katoni

Nyinyi vijana wa garaji za Buyenzi mna tabia moja. Mkiniona napita na bakora yangu kwenda kuswali adhuhuri, lazima mmoja atoe kichwa chini ya gari na kupiga kelele: "Muzee Juma! Gari ya mbio, lakini ya kutembelea kila siku, tuifunge kompresa ao tuache?" Na mi sijibu. Napita. Nasikia mkisema nyuma yangu kwamba muzee ameanza maringo, anabana ujuzi wake, atazikwa nao. Wallahi si maringo. Ni aibu. Nimeamua niitoe aibu hiyo yote leo, mara moja, halafu mniache nipite.

Kwa mgeni ambaye hajui tunazungumza nini: kompresa ni pampu ya hewa inayofungwa kwenye injini na kuzungushwa na mkanda wa injini yenyewe. Injini ya kawaida inavuta pumzi yake peke yake. Kompresa inaisukumia pumzi kwa nguvu. Hewa ikizidi, esansi nayo, yaani petroli, lazima izidi, na vikikutana viwili hivyo gari inaondoka mpaka shingo yako inarudi nyuma. Hakuna uchawi wowote hapo. Mmeona kwenye simu zenu Wazungu wanafunga siku moja na jioni wanacheka. Mimi nilifunga moja tu katika maisha yangu yote.

Kujua kama injini inaweza kuibeba si kazi ngumu, hiyo nawafundisha sasa hivi bila malipo. Unapima msukumo wa kila silinda, zote zinatakiwa zilingane. Moja ikiwa dhaifu, funga kapo, yaani boneti, mwambie mwenye gari arudi nyumbani salama. Unatoa buji, zile zinazopiga cheche, unaangalia ncha zake. Rangi ya chai ya maziwa ni nzuri. Nyeusi inakula esansi ovyo. Nyeupe inaungua, na injini inayoungua bila kompresa, ukiipa kompresa itafanya nini? Mkanda unaukandamiza katikati kwa kidole gumba. Ukilegea kama mkanda wa suruali ya mlevi, unaukaza. Na esansi, msisahau esansi, mwaga tone moja mgongoni mwa mkono wako. Ikiwa safi inakauka upesi na kuacha baridi. Ikiwa imechanganywa na mafuta ya taa inaacha utelezi, unaweza kukaangia ndizi. Haya yote niliyajua siku ile. Nilipima, nikatazama, nikakandamiza, na injini ilikuwa nzima kabisa.

Lakini swali halikuwa injini. Swali ni gari hiyo inaishi maisha gani, na hilo halionekani ukifungua kapo.

Aliyenifundisha hivyo ni Mzee Selemani, Mungu amrehemu, fundi mkuu wa garaji nilikoanzia kazi. Mtu mfupi, mkali, mikono mikubwa isiyolingana na mwili wake. Alikuwa na desturi aliyoiita siku ya pembeni. Kabla ya kugusa kazi yoyote kubwa, alipanda gari la mteja, akakaa kiti cha pembeni, akazunguka naye siku nzima: kazini, sokoni, kwa shemeji, popote. Haongei. Anasikiliza. Jioni anashuka na kusema ndiyo au apana, na neno lake halirudi nyuma.

Kumbukeni gari zetu nyingi volani, usukani, iko kulia, na sisi tunaendesha upande wa kulia wa barabara. Dereva akiwa nyuma ya lori haoni kitu mbele. Aliyekaa pembeni ndiye anayeona, ndiye anayesema "pita" ao "bakia". Mzee Selemani alisema mtu akikutii unapomwambia "bakia", huyo unaweza kumfungia chochote kwenye gari lake. Akikupuuza, mbadilishie oili tu na umwombee.

Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja wa Nyakabiga, breki zake zilikuwa zinakwisha kila mwezi. Mafundi watatu walishambadilishia. Mzee Selemani akakaa naye pembeni siku moja, kutoka Nyakabiga mpaka Zone Industrielle, kwenye viwanda, kuchukua sabuni na kurudi. Aliposhuka alikuwa anafuta machozi kwa kucheka. Kumbe mke wa yule bwana alikaa nyuma, na kila baada ya dakika mbili alisema "punguza mwendo", na jamaa, ili amani ipatikane, alikanyaga breki kidogo bila kuondoa mguu mwingine kwenye kanyagio cha esansi. Mzee akamwandikia dawa: mama akae mbele, ajionee mwenyewe. Breki zikadumu. Sisi tulicheka wiki nzima, na mimi nikaapa kwamba nikifungua garaji yangu siku ya pembeni sitaiacha.

Na sikuiacha. Miaka na miaka nimekaa kwenye viti vya pembeni vya mji huu mpaka nikajua nani ana hasira, nani ana mke wa pili, nani anamwogopa bosi wake. Kisha ukaja ukame huu wa esansi ambao nyinyi mmeukuta kama hali ya hewa. Gari zinalala kwenye foleni ya kituo siku mbili, tatu, mwenyewe anakwenda kazini kwa miguu na kurudi kuisukuma hatua kumi. Nani atakupa esansi ya kukuzungusha mchana kutwa ati unasikiliza? Nikaiacha siku ya pembeni. Nikajiambia ni kwa muda.

Hapo ndipo alipokuja Aline.

Alikuwa mwalimu wa lise moja, shule ya sekondari, mjini, mkazi wa Musaga, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mpole, anayeongea akiangalia mikono yako badala ya macho. Aliingia na gari ndogo ya milango miwili, ya Kijapani, imepakwa rangi ya majivu, na injini yake, vijana, ilikuwa inaongea vizuri. Sauti nzito, ya chini, haina haraka. Nilisimama mlangoni mwa garaji nikiwa na kitambaa mkononi, sikujua hata nilikuwa nafuta nini. Miezi miwili nilikuwa sijashika kazi ya maana. Watu walikuwa wanakuja kuniuliza kama nitanunua bateri zao.

Kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na katoni kubwa, imefungwa kwa utepe.

"Muzee," akasema, "hii gari ni ya kaka yangu, Fiston. Alikufa. Aliugua wiki mbili tu. We ulimujua. Alikuwa anakuongelea sana."

Sasa niambieni nyinyi. Mtu mwenye msiba anasimama mbele yako na kusema ulimjua ndugu yake. Unamjibu nini? Unamjibu kama tunavyojibu wote, kama mama zetu walivyotufundisha. Nikashika moyo, nikasema, "Ndiyo, ndiyo, namukumbuka. Kijana mwema. Mungu amupumzishe."

Sikumkumbuka hata kidogo. Fiston katika mji huu ni wengi kama pikipiki. Nilisema tu ili asijisikie vibaya.

Akatoa katoni, akaiweka chini mbele yangu kama mtu anayeweka mtoto aliyelala. Akasema ndani kuna kompresa, kaka yake aliiagiza mbali sana, na imekaa chini ya kitanda chake miaka minne. Hakuwahi kuifunga. Kisha akauliza swali ambalo nalisikia mpaka leo nikiwa kwenye sijda, Astaghfirullah.

"Basi, Muzee, imesubiri ya kutosha?"

Nilifikiri ni namna yake ya kuongea. Walimu wana maneno yao. Nikaweka kiganja juu ya katoni nikasema, "Imesubiri sana, binti yangu. Wakati umefika."

Nikaona mabega yake yanashuka, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Nisiwadanganye, yeye hakunificha kitu. Alinieleza maisha ya gari hiyo yote. Asubuhi inamleta mjini kufundisha. Saa kumi alasiri inambeba mama yao. Mama Fiston alikuwa na miguu inayovimba, haendi popote, haingii basi, na tangu mwanawe azikwe hakutaka kutoka kwa sababu yoyote isipokuwa hiyo moja: kukaa kiti cha pembeni katika gari ya Fiston, nusu saa, mpaka ziwani na kurudi. Hakuwa anashuka wala kuangalia ziwa. Alifunga macho na kusikiliza injini. Aline akasema, "Mama anasema ikilia ni kama wakati Fiston anarudi nyumbani. Anaisikia toka kwenye kona, anafungua geti mbele sijafika."

Niliyasikia maneno hayo kwa masikio yangu mawili. Mzee Selemani angepanda gari pale pale, angekwenda kukaa nyuma ya yule mama na kufunga macho yake pia. Mimi nikasema, "Tungezunguka pamoja siku moja, lakini tutamaliza esansi bure." Aline akakubali. Angekataaje? Fundi ndiye anayejua.

Mikono yangu ndiyo iliyojibu siku ile, vijana, si kichwa changu. Nilifungua katoni kwa kisu kwa upande wa chini, kwa pupa, nikakiona kile chuma kimetulia ndani, cheupe, kisafi, hakijaguswa na mtu. Miaka arobaini nilikuwa nafufua vitu vilivyokufa kwa vipande vya vitu vingine vilivyokufa. Sikuwahi kushika kitu kizuri namna ile. Nilikitaka. Nilitaka mtu apite Buyenzi aseme hii imefungwa na Juma.

Nikafanya kazi wiki mbili. Katoni niliipasua, nikaitandika chini ya gari kama tunavyofanya wote, mtu asilale kwenye oili, na juu yake nililala mchana baada ya mchana nikifunga, nikikaza, nikiimba. Kazi ilitoka safi. Nitawaambia bila kujisifu, kwa sababu sina cha kujisifia: hakuna fundi wa mji huu ambaye angeona kosa.

Kosa lilikuwa kwenye bidoni, dumu la esansi. Stooni nilikuwa na bidoni moja ya esansi nzuri niliyoificha tangu kabla ya ukame, safi, inakauka mkononi kabla hujapepesa. Hiyo ndiyo niliyotumia kuirekebisha injini. Niliipangia kila kitu kwa esansi ile. Ni sawa na kumpima mtu suti siku ya harusi ameshiba, halafu anarudi nyumbani kwenye njaa. Gari ya Aline ilikuwa inakunywa chochote kilichopatikana Musaga, na kwa miaka yote hiyo ilikuwa inakohoa kidogo na kuendelea, kwa sababu injini isiyosukumwa inavumilia. Ukiisukuma haivumilii tena. Hilo nililijua. Nililijua, na sikumwambia. Nilimwambia tu, "Tafuta esansi nzuri," kama vile kuna duka.

Tulipoijaribu nilitokwa na machozi, sioni haya kusema. Iliondoka kama imeitwa na mtu. Na juu ya ile sauti nzito ya chini kukawa na sauti nyingine, nyembamba, inayopanda kadiri unavyokanyaga. Ndiyo sauti ya kompresa, nyinyi mnaipenda, mnaweka kwenye simu zenu.

Tukaipeleka Musaga pamoja. Nilikaa pembeni, kwa mara ya kwanza tangu ukame uanze, nikiwa najivuna. Tulipokata kona Aline akapunguza mwendo, akaangalia mbele, akasubiri. Geti halikufunguka. Tukafika mpaka mbele ya geti. Akapiga honi. Mama Fiston akafungua taratibu, mkono mmoja ukutani, akatupita kwa macho akiangalia barabarani nyuma yetu.

"Mama, ni sisi," Aline akasema.

"Mana yanje, Mungu wangu. Mi nilifikiri ni mugeni."

Tulimpandisha, nikamwachia kiti chake, nikabaki pale getini. Waliporudi niliwafungulia mimi. Mama alishuka akakaa kwenye kiti cha plastiki, akavuta kanga yake. Nikamuuliza, kwa sauti ya mtu anayengoja sifa, "Mama, umeionaje?"

"Inapiga filimbi," akasema. "Fiston hakuwa anapiga filimbi."

Mi nikacheka! Nikamwambia atazoea, ni nguvu hiyo, mama, ni nguvu. Aline naye akacheka kidogo, kwa adabu. Yule mama alikuwa ameshanipa jibu la siku nzima ya pembeni, bila kumaliza hata tone la esansi, na mimi nikacheka. Hapo bado palikuwa na wakati. Ningeifungua kesho yake, ningeirudisha injini kama ilivyokuwa. Nilirudi Buyenzi nikawasimulia watu.

Ilidumu wiki sita.

Wiki ya sita kituo cha esansi alichopangia foleni Aline kiliishiwa yeye akiwa wa tano kutoka mbele. Siku tatu alikuwa kwenye foleni hiyo. Siku tatu mama yake hakutoka. Siku ya nne Aline akanunua bidoni kwa mtu wa mtaani, kama kila mtu anavyonunua, akamimina, gari ikawaka, akampandisha mama yake saa kumi. Kwenda ziwani ni mteremko, hakuna shida. Kurudi Musaga ni kupanda. Alinieleza baadaye kwamba alisikia kitu kama misumari inatikiswa ndani ya kopo, lakini kwa mbali, chini ya ile filimbi, akafikiri ni kitu cha kawaida cha kompresa. Sauti hiyo ya misumari, vijana, ukiisikia toa mguu. Simama hapo hapo, hata kama ni katikati ya barabara. Ni esansi mbaya inayolipuka kabla ya wakati wake na kupiga pistoni kama nyundo. Mimi ndiye niliyepaswa kumfundisha sauti hiyo. Nilimfundisha jinsi ya kufuta vumbi kwenye kompresa.

Pistoni ilitoboka. Kipande chake kikapasua ukuta wa silinda. Gari ikatoa moshi, ikakaa kimya.

Watu wa Musaga waliisukuma mpaka nyumbani. Mama Fiston alikataa kubaki ndani. Alishuka na miguu yake ile, akatembea nyuma ya gari, kiganja juu ya buti, kilima chote. Jirani mmoja aliyekuwepo aliniambia wapita njia walivua kofia, wakidhani ni mazishi kweli.

Niliitwa kesho yake. Nilifungua, nikaangalia, nikajua ndani ya dakika moja. Lakini niliendelea kufungua kwa saa tatu kwa sababu sikuweza kusimama na kuwaangalia. Injini ya namna hiyo haipatikani hapa. Niliuliza piyesi zake, yaani vipuri, mpaka Dar, mpaka Kigali, niliwasumbua watu ninaowajua na wasiotaka kunijua. Hakuna. Na ule ukuta wa silinda hakuna wa kuuziba, atakayewaambia anaweza ni mwongo.

Mwisho nikakaa mbele ya yule mama, yeye kwenye kiti cha plastiki, mi kwenye ndoo niliyoigeuza.

"Mama, naweza kutafuta injini ingine. Ya gari ingine, ya kawaida. Naifunga bure. Itatembea."

"Itakuwa na sauti yake?"

"Apana, Mama. Itakuwa ingine."

Akafikiri. Nilidhani atalia, na ningependa alie, angalau ningekuwa na kitu cha kufanya. Akasema, "Basi muiache."

Tukaiacha. Iko pale uani mpaka leo, juu ya matofali, imefunikwa turubali. Aline anakwenda kazini na basi, akilipata, na asipolipata anatembea. Mama hatoki. Kompresa niliichomoa nikamrudishia Aline. Imekaa tena chini ya kile kitanda, ndani ya gunia, nzima kabisa. Haina hata mkwaruzo. Ndiyo peke yake iliyopona.

Mimi sikufanya kazi tena. Watu wanasema niliacha kwa sababu ya macho. Macho yangu hayana shida.

Sasa nifike mwisho, pale ninapoogopa kufika. Miezi mitatu baadaye nilikuwa nafunga garaji, natoa vitu nje, nagawa funguo na jeki. Chini, pale ilipokuwa gari ya Aline, katoni ilikuwa bado imetandikwa, imeshikana na sakafu kwa oili. Nikaivuta. Ikageuka. Kwenye upande ambao ulikuwa umelala chini kulikuwa na maandishi ya kalamu nzito nyeusi, upande wa ndani wa mfuniko ambao mi sikuwahi kuufungua kwa sababu niliingilia chini kwa kisu.

Yaliandikwa: *Apana. Isubiri. Juma, Buyenzi.*

Ni mwandiko wangu. Ile J yangu yenye mkia ambayo walimu walinichapia.

Nilikaa chini pale pale kwenye oili. Na hapo, wakati hainifai tena, kumbukumbu ikaja yote pamoja, kama maji bomba likipasuka. Gari wakati ule haikuwa ya majivu bado, ilikuwa nyekundu. Kijana mrefu, mcheshi, anayependa mbio. Alinibeba pembeni siku nzima. Tulikuwa nyuma ya malori na mi nikawa namwambia "pita", "bakia", na kila nilipomwambia "bakia" alibakia, na kucheka. Alasiri tukapita Musaga, na mwanamke mmoja alikuwa ameshafungua geti kabla hatujafika. Nikamuuliza amejuaje. Akasema, "Mama anajua sauti yangu." Jioni nikamwambia, mwanangu, kompresa hii usiifunge, gari hii ina kazi nyingine, na esansi yetu si ya kuaminiwa. Ikija siku inafaa nitakwambia mwenyewe. Akafungua mfuniko wa katoni akanipa kalamu: "Andika, Muzee, nisije nikasahau." Nikaandika ili yeye asisahau.

Nilitembea mpaka Musaga na ile katoni kwapani. Aline alikuwa uani anasahihisha madaftari. Nilimwonyesha. Hakushangaa. Aliitazama kama mtu anavyotazama picha anayoijua.

"Ulikuwa umeona?" nikamuuliza.

"Niliikuta wakati natoa vitu vyake. Ndiyo sababu nilikuja kwako, Muzee. Fiston alisema fundi akiruhusu ndiyo ataifunga."

"Kwa nini hukuniambia? Kwa nini hukunionyesha, binti yangu?"

Akafunga daftari lililokuwa mbele yake. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo siwezi kulisamehe.

"Mi nilikuuliza, Muzee. Siku ya kwanza. Nilikuuliza kama imesubiri ya kutosha. We ulisema unamukumbuka."

Nikaichukua katoni yangu nikaelekea getini. Ilikuwa saa kumi. Mama Fiston alikuwa pale tayari, ameshatoa komeo, ameachia geti wazi lote, amesimama mkono mmoja ukutani akisikiliza kona. Anafanya hivyo kila siku, jirani ameniambia. Akanigeukia. Akaiona katoni, akaijua, ni ya mwanawe, ilikaa miaka minne chini ya kitanda ndani ya nyumba yake. Uso wake ukafunguka.

"Mumeleta piyesi, Muzee? Italia tena?"

Ulimi wangu ulishaanza. Ndiyo, ndiyo, Mama. Nilikuwa nalo mdomoni. Nikalimeza.

"Apana," nikamwambia.

Akatikisa kichwa polepole, akanipisha nipite, akaanza kufunga geti.